Mke wa Heydar

Yadollah fundi magodoro alileta posa siku ya Ijumaa baada ya sala, akiwa amevaa koti la kuazima na kukumbatia bonge refu la sukari lililofungwa karatasi ya buluu. Safdar alimpokea vizuri. Alimwekea mto wa kuegemea, akaagiza chai, akamuuliza habari za vijiji alivyopita. Aliposikia kwamba anayeposwa ni dada yake Mahsoltan, alilichukua lile bonge la sukari akalirudisha taratibu kwenye mapaja ya mgeni.

"Bwana Yadollah, wewe si mgeni hapa Darebid," alisema. "Unajua dada yangu ana mume."

"Mume gani? Heydar ni maji."

"Ni maji, sawa. Lakini ni mume."

Yadollah alitazama sukari yake, akatazama pazia la jikoni ambalo lilikuwa linatikisika bila upepo, akaomba kikombe kingine cha chai ili asiondoke haraka.

Hapo hakuna aliyekuwa anatania. Heydar ni kanati yetu, yaani njia ya maji iliyochimbwa chini ya ardhi kutoka miguuni mwa mlima hadi kijijini, ikapewa jina la mtu aliyeianza. Theluji ikiyeyuka huzama mlimani na kujificha kwenye changarawe. Hukaa humo miaka, haina haraka, kisha huchuruzika kidogo kidogo hadi kwenye kisima mama, kile cha kwanza kabisa kule juu. Kutoka hapo maji hutembea gizani kwa mteremko mdogo sana mpaka yanapotokea juani, hatua chache juu ya msikiti. Chochote cha kijani kwetu ni cha Heydar, na hata nyumba zimepangwa kwa kumfuata yeye: wenye nazo wako juu anapotokea, wa kawaida wako katikati, na akina Safdar wako chini kabisa, anapofika amechoka na amebeba maganda ya vitunguu ya kijiji kizima.

Na Heydar ni dume. Kanati dume isipokuwa na mke hununa, na ikinuna maji hupungua. Hivyo ndivyo walivyojua babu zetu, na vijiji vya jirani vilifanya vivyo hivyo. Hutafutwa mjane, akafungishwa ndoa na maji, na kila nyumba humpa fungu la ngano baada ya mavuno. Yeye kazi yake ni kwenda kuoga kwenye maji ya mumewe, na asiolewe na mwanamume mwingine. Anapooga, wanaume wote hukaa mbali na maji, hata awe nani. Mahsoltan alipewa Heydar wakati bado amevaa nguo nyeusi za marehemu mumewe. Mulla Nemat alisoma alichosoma kwa sauti ya chini huku akitazama ukuta, kwa sababu katika vitabu vyote alivyosomeshwa mjini hakuwahi kukutana na bwana harusi wa namna hiyo. Lakini naye alikuwa anakula ngano iliyonyweshwa na maji hayo hayo, basi akasoma.

*

Mwaka ule Heydar alikuwa anapungua, na sababu tuliisikia wote kwa masikio yetu. Habib Khan, mkuu wa kijiji, alikuwa amechimba kisima kirefu kule juu karibu na mlima, akaweka mashine ya kuvuta maji kwa ajili ya miche yake mipya ya matufaha. Injini ile ilikohoa kuanzia alfajiri hadi magharibi. Miche ilinenepa, na huku chini miti yetu ya mipopla ikaanza kukauka kuanzia kileleni. Nyuma ya bustani ya Khan ardhi ilipasuka ufa mrefu ambao mbuzi waliogopa kuuruka, maana ukiyatoa maji chini ya changarawe ardhi hudidimia, kama godoro lililotolewa pamba.

Lakini nusu ya kijiji walilima mashamba ya Habib Khan, na nusu nyingine walikuwa na watoto waliotaka kuoa kwake au kuajiriwa kwake. Kuisema mashine ilikuwa kazi ngumu. Kumsema Mahsoltan ilikuwa kazi nyepesi, tena ya kuburudisha. Ilianza kwenye tanuri la mkate, mwanamke mmoja akisema kwamba siku Yadollah alipokuja kuchambua pamba ya magodoro ya Safdar, Mahsoltan alimpelekea chai mara mbili na mara ya pili alikuwa amepaka wanja. Habari ilipofika mferejini, chai ilikuwa imekuwa mchuzi wa nyama. Ilipofika msikitini, Heydar alikuwa ameona kila kitu na moyo wake umevunjika.

Wifi yake Mahsoltan, Nosrat mkewe Safdar, alikuwa na ulimi usiopumzika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema kwanza, na akifikiri baadaye huomba radhi kwa kukupa sehemu nono ya chakula.

"Wifi, niambie ukweli," alimuuliza huku wakimenya vitunguu. "Huyo fundi ana nini asichokuwa nacho Heydar?"

"Anaongea."

"Basi na mimi nikupe kaka yako, anaongea hata akiwa usingizini."

"Na ananiuliza, wifi. Anasema, mikono yako mbona imepasuka? Miaka yote hii nimekuwa mke wa mtu, hakuna aliyewahi kuniuliza mikono yangu imefanya nini."

Jioni hiyo Nosrat alimwekea Mahsoltan kipande chote cha mafuta ya mkia wa kondoo, na Safdar akauliza mbona chake ni kidogo.

Ngano ilipoletwa baada ya mavuno, ilikuja pungufu. Kila aliyeleta alikuwa na neno la kuongezea juu ya gunia. Mmoja alisema mke mwema haonekani dirishani. Mwingine alimwuliza Mahsoltan, mbele ya watoto wa jirani, kama anajisugua vizuri anapooga au anajimwagia tu. Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa Habib Khan mwenyewe: mwanamke akaoge kila siku badala ya mara moja kwa juma, na fundi magodoro asionekane tena kijijini. Mke asipomtuliza mumewe, ngano itakatwa kabisa.

Hapo Safdar alishika kichwa. Shamba lake la chini lilikuwa limebaki na mboga za turnipu zilizosinyaa, na ngano ya Heydar ndiyo iliyolisha nyumba yote, yeye na Nosrat wakiwemo. Alimsihi dada yake aende akaoge, aoge kwa heshima, na kama inawezekana aimbe kidogo. Mahsoltan akachukua bakuli na taulo.

Baridi ilikuwa imeshaanza kung'ata. Maji ya kanati, ambayo zamani yalimfika magotini, sasa yalimfunika vidole vya miguu. Alichuchumaa akajimwagia kwa bakuli, huku amekunja uso, na akamsema mumewe kwa sauti. Alimwambia kwamba yeye ndiye mwanamke pekee Darebid anayetukanwa kwa sababu ya mume asiye na mdomo, na kwamba kama ana manung'uniko aende akamnunie anayemvuta, si yeye.

Yadollah naye alikuwa ametuma salamu kupitia mwuza chumvi. Alisema amepanga mkahawani njia panda, na atangoja mpaka theluji ya kwanza. Theluji ikianguka njia hufungwa, naye atateremka mjini na hatathubutu kurudi, kwa sababu mtu aliyefukuzwa mara moja huweza kuonekana mwenye mapenzi, lakini mara mbili huonekana mpumbavu. Mahsoltan alimwuliza mwuza chumvi kama mlima umeshaanza kuwa na wingu. Akajibiwa kwamba umeanza.

*

Ndipo mashine ikaharibika. Haikuwa kwa mkono wa mtu, ilikatika mkanda tu, na mkanda mwingine ulibidi kufuatwa mjini. Siku ya kwanza hakuna kilichobadilika. Siku iliyofuata Mahsoltan aliingia majini yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Kesho yake yalikuwa yanapanda kwenye mashavu ya miguu, na yalikuja na ile sauti yao ya zamani, sauti ya mtu anayenong'ona akiwa chumba cha pili. Alisimama humo akicheka peke yake, meno yakigongana kwa baridi. Mkanda ukaletwa, injini ikakohoa, na kabla ya juma kuisha maji yalikuwa yamerudi kwenye vidole.

Alimwendea Safdar akamweleza. Safdar alimjibu kwamba si yeye peke yake mwenye macho.

"Basi semeni."

"Nani aseme? Mimi? Nalima kwa nani, dada? Nikisema leo, kesho nalima ukuta."

"Kwa hiyo mnajua ni mashine, na bado mnaniambia mimi nikaoge."

Safdar alianza kuupiga teke mlango wa zizi ambao haukuwa na kosa lolote. Mahsoltan alikasirika, na hasira yake haikuwa ya kupiga kelele. Alikaa akawaza mpaka chai ikapoa. Mwishowe alikunja godoro lake, akafunga nguo zake katika kitambaa, akachukua sabuni, bakuli na kitana. Nosrat alimwuliza anaenda wapi na mzigo wote huo.

"Kwa mume wangu," alisema. "Amehama, nami nahama."

Alfajiri ya kesho yake, kabla fundi wa mashine hajafungua macho, Mahsoltan alipanda hadi kwenye kisima cha Habib Khan. Kulikuwa na hodhi kubwa iliyojaa maji na kibanda cha injini kando yake, vyote vimezungushiwa ukuta wa udongo. Aliingia, akatundika shela lake jeupe mlangoni kama desturi inavyotaka mke wa maji anapooga, akaanza kuoga.

Fundi wa mashine alifika akaliona lile shela, akageuka nyuma mbio kama aliyekuta nyoka. Alikimbia mpaka kwa Habib Khan akamweleza kwamba mke wa Heydar yuko ndani anaoga na injini haiwashiki. Khan alimwambia amngoje amalize. Alingoja mpaka adhuhuri. Shela lilikuwa bado liko pale. Alingoja mpaka alasiri, akawa anakohoa mara kwa mara ili asikike, na kutoka ndani akasikia mwanamke anaimba taratibu, kisha kishindo cha bakuli. Nosrat alipita na mkate na jibini, akaingia, akatoka, akamwambia fundi kwamba wifi yake ndiyo kwanza amefika mabegani.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Habib Khan alimwomba mkewe mwenyewe, Bibi Zarrin, aende akamtoe yule mwanamke. Bibi Zarrin alimjibu kwamba yeye hajalelewa kuingia kati ya mke na mume. Inasemekana alilisema hilo huku akipiga pasi na bila kuinua kichwa.

*

Basi kijiji kizima kikapanda. Wanaume walisimama nje ya ukuta, migongo yao imeelekea mlangoni, wakawa wanazungumza na mlima. Habib Khan alikuwa na fimbo yake yenye kichwa cha fedha, na Mulla Nemat alikuwa ameitwa kwa haraka, kilemba kimekaa upande. Ukiwa mbali ungedhani wanangoja mvua.

"Mahsoltan, toka humo," Habib Khan alisema akiwa amegeukia mlimani. "Hapa si kwenu."

"Nimemfuata mume wangu, Khan," sauti ilijibu kutoka ndani. "Mke hukaa alipo mumewe. Naomba tu unipe chumba, maana siwezi kulala hodhini."

"Mumeo yuko kijijini."

"Kijijini amebaki wa kulowesha kisigino. Mwili mzima uko hapa."

Watu waliinamisha nyuso. Khan alisema haya ni maji ya kisima chake, hayahusiani na kanati, kila mtu ana maji yake chini ya ardhi yake. Alilisema kwa ukali na watu wakatikisa vichwa kukubali, kama walivyozoea. Kisha Safdar, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema jambo mbele ya Khan isipokuwa ndiyo, alisafisha koo.

"Khan, samahani," alisema. "Mashine imezimwa tangu Jumamosi. Leo asubuhi Heydar amefika shambani kwangu. Kwangu, Khan, kule chini. Turnipu zangu zimeelea."

Aliposema hivyo alijua vizuri kwamba amepoteza shamba la kulima, na kwamba mwisho wa mambo haya anaweza kupoteza na ngano ya dada yake. Lakini alikuwa ameshasema, na watu wengine wawili watatu wakaanza kusema na wao, kwamba hata kwao, kwamba hata mferejini, kwamba watoto wameona samaki wadogo.

"Mulla Nemat yupo hapo?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Nipo, mwanangu."

"Nisaidie, Mulla. Kama haya maji ni mume wangu, basi ameibwa kijijini, na Khan atuambie amemchukua kwa idhini ya nani. Kama si mume wangu, kama maji ni maji tu, basi mimi nimeolewa na nani?"

Mulla Nemat aligeuka kumtazama Habib Khan, na kijiji kizima kikageuka vilevile, wakasahau mlima. Khan alikuwa amekuwa mwekundu hadi masikioni. Aliona upande mmoja matufaha yake, na upande wa pili mwanamke mmoja na fundi magodoro. Hakuchukua muda kuchagua.

"Maji ni maji," alisema. "Maji hayana mke. Huo ni upuuzi wa wazee wasiosoma. Aende zake akaolewe na anayemtaka, na mashine yangu iwashwe."

"Mmesikia wote?" Mulla Nemat aliuliza haraka, kabla Khan hajavuta pumzi ya pili. Alikuwa ameingoja sentensi hiyo miaka mingi. Alitamka palepale, mbele ya mashahidi, kwamba Mahsoltan binti Karam hana mume na hajawahi kuwa na mume tangu alipofiwa, na kwamba aliyetaka kumwoa alete posa yake kama watu wengine. Kisha akanyoosha kilemba chake akashuka mlimani kwa mwendo wa mtu aliyetuliwa mzigo.

Mahsoltan alitoka amejifunga shela, vidole vimekunjamana kwa maji, na Nosrat akambebea godoro. Walipofika nyumbani Safdar alimwambia dada yake kwamba bonge la sukari lile alilikataa kwa ubahili, na kwamba sasa likirudishwa ataona haya kulila. Dada yake alimwambia alile, akaongeza na kumbusu kichwani. Alishuka kwenda njia panda siku hiyo hiyo, kwa sababu wingu lilikuwa limeshafunika kilele.

*

Huko mjini Yadollah na Mahsoltan walipata chumba nyuma ya soko la wauza sufu. Mume anapiga pamba kwa upinde wake wa kuichambulia, mke anashona, na vumbi jeupe linawakaa kwenye nyusi wote wawili. Wanagombana kuhusu chumvi kwenye mchuzi. Yadollah huongea tangu anapoamka, na kuna siku Mahsoltan humwomba apumzike kidogo.

Habari za Darebid zilimfikia njia zilipofunguka, kwa mdomo wa mwuza chumvi yule yule. Alimweleza kwamba asubuhi baada ya yeye kuondoka, fundi wa mashine alipanda kwenda kuwasha injini akakuta mlangoni pametundikwa mashela ya rangi zote, mengi yamebebana. Ndani walikuwa wanawake wa kijiji na sabuni zao, watoto wao na birika la chai. Habib Khan alikuja akapiga kelele kutoka nje ya ukuta kwamba hawana haki, kwamba yeye mwenyewe ametangaza maji hayana mke. Nosrat alimjibu kwamba ndiyo sababu wamekuja: maji yenye mke yana mwenyewe, lakini haya hayana mtu, kwa hiyo wanaoga tu. Khan alitaka ukuta ubomolewe. Ndipo aliposikia kutoka humo ndani sauti ya Bibi Zarrin ikimwomba asivunje ukuta, kwa sababu na yeye hajavaa.

Tangu hapo wanaoga kwa zamu, alisema mwuza chumvi, na mashine inapata siku mbili tu kwa juma. Safdar analima shamba la Mulla kwa nusu ya mazao, na turnipu zake zimefika ukubwa wa kichwa cha mtoto.

Mahsoltan alicheka mpaka akalazimika kuweka sindano chini. Akauliza maji sasa yamefika wapi kule kijijini, pale juu ya msikiti. Mwuza chumvi akasema yamefika magotini, na mazuri, matulivu, hayajawahi kuwa hivyo.

"Matulivu?" aliuliza.

"Matulivu kabisa, dada. Kama bwana aliyeshiba."

Alimshukuru, akampa mkate na kumsindikiza hadi mlangoni. Alikuwa amefurahi, na alifurahi kweli, kwa ajili ya Nosrat na kaka yake na mipopla yote. Lakini aliporudi kwenye ushonaji wake alianza kuwahesabu moyoni wanawake wa Darebid, mmoja mmoja kwa majina, na sindano ikaanza kuingia kwenye pamba kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Yadollah aliacha kupiga upinde akamwuliza kulikoni. Mahsoltan alimjibu kwamba hakuna kitu, ni wivu tu.